HIANA: NENO LA WAZEE LILILOFICHA AMANA NDANI YAKE



Ndugu yangu msomaji, naomba nianze na kisa cha kaimati. Nilikuwa na umri wa miaka minane au tisa hivi, mwezi wa Ramadhan, na nyanya yangu alinipa sahani iliyofunikwa kawa nimpelekee jirani kabla ya adhana ya Magharibi. Wenyeji wa miji ya pwani wanaijua desturi hii: sahani hazirudi tupu, na watoto ndio matarishi. Mimi nilikuwa "nimefunga", ati. Nilipofika kwenye kona ya uchochoro nikafunua kawa, nikala kaimati nne upesi upesi, nikajipangusa shira kwa upindo wa kanzu, nikaifikisha sahani kama kwamba hakuna lililotokea. Sijui nyanya alijuaje. Huenda ilikuwa ile kanzu. Aliponitazama hakuniita mwizi wala mlafi. Alisema neno moja tu: "Hiana hiyo!"

Kwa miaka mingi nilidhani hiana ni uchoyo. Na sikuwa nimekosea sana, maana ndivyo wengi wa rika langu walivyolisikia: mtu mwenye hiana ni yule asiyetoa, mwenye roho ngumu, anayeona raha ukikosa. Vijana wa leo hata hilo hawalisikii. Ukimwambia kijana wa Majengo au wa Eastleigh "una hiana", atakuuliza hiana ni kitu gani, dawa au chakula? Neno limebaki kwenye tenzi, kwenye nyimbo za zamani na vinywani mwa wazee wachache. Nami nataka leo tulirudishe mezani tulitazame vizuri, kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo maneno yetu mapya hayana.

Asili yake ni Kiarabu, khiyana. Sisi Waswahili tuna tabia ya kuilegeza ile "kh" ikawa "h". Khabari ikawa habari, khatari ikawa hatari, kheri tukaiita heri. Basi khiyana ikawa hiana. Mwenye kuifanya, khaa'in, akawa haini. Na kitendo chenyewe kikawa kuhini. Maneno matatu, mzizi mmoja. Wenye elimu ya dini waliendelea kuandika na kutamka khiyana kama ilivyo, na watu wa kawaida wakasema hiana. Ndiyo maana mtoto anaweza kusikia neno moja chuoni na jingine jikoni asijue kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Mimi mwenyewe nilisomeshwa alama tatu za mnafiki (akizungumza husema uongo, akiahidi hatimizi, akiaminiwa hufanya khiyana) na haikunijia hata siku moja kwamba hiyo ya tatu ndiyo ile ya kaimati.

Fungua kamusi za Kiswahili uone. Hiana ina maana mbili: kwanza ni kumgeuka mtu aliyekuamini, pili ni kunyima, yaani roho ya ubahili na ukatili. Na kuhini vilevile, mara nyingi ni kumnyima mtu kitu anachokitaka au anachostahili. Washairi wa mapenzi wa pwani wamelipenda sana neno hili. Anayelia "usinihini" anaomba asinyimwe. Sasa mtu atauliza, kunyima na kusaliti vinakutana wapi? Kwani bahili si mtu anayekaa na chake tu?

Vinakutana kwenye amana. Amana ni kitu cha mwenzio kilicho mkononi mwako. Ukikizuia kisimfikie mwenyewe, umenyima na umesaliti kwa tendo hilo hilo moja. Wazee hawakuona haja ya maneno mawili. Na mzizi wa amana ndio huo huo wa imani, wa kuamini, wa muumini na wa mwaminifu. Mtume wetu (S.A.W.) kabla hajapewa utume watu wa Makka walimwita Al-Amin, kwa kuwa waliweka mali zao kwake zikawa salama. Kwa hiyo hiana si kinyume cha utiifu kwa mkubwa, kama tunavyofikiri tukisikia "uhaini". Hiana ni kinyume cha amana. Tofauti hii naona ni kubwa mno, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Tuanze na tungo zetu. Hakuna kisa cha hiana kinachojulikana pwani nzima kama cha Fumo Liyongo. Askofu Edward Steere alikichapisha kwa nathari katika mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili mwaka wa 1870, na Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi mwaka wa 1913. Liyongo alikuwa shujaa na malenga wa upande wa Pate na Ozi, mtu wa kimo cha ajabu na nguvu za kutisha, na mfalme wa Pate akamwogopa asije akamnyang'anya kiti. Akafungwa gerezani. Mamake akamwokea mkate wa wishwa, ndani yake akaficha tupa, akampa kijakazi wao Saada aupeleke. Walinzi kila siku walikuwa wakivila vile vyakula vizuri vinavyoletwa, lakini mkate wa wishwa wakaudharau wakamwachia mfungwa. Usiku wa ngoma ya gungu, matari na matoazi yakilia, Liyongo akakereza pingu zake pasi na mtu kusikia. Akatoka.

Hapo wakajua kwamba kwa nguvu hawamwezi. Wakamwendea mwanawe wa kumzaa. Wakamwahidi kumwoza binti wa mfalme, ilimradi tu akamwulize babake ni kitu gani kinachoweza kumwua. Mtoto akaenda, akauliza, na baba akamwambia: si upanga, si mkuki, ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mtoto akarudi na sindano, akangoja babake alale.

Nimekisikia kisa hiki tangu utotoni, na siku zote tulikuwa tukimlaani yule mtoto tukaishia hapo. Lakini mtazame Saada. Kisa kina matarishi wawili na kila mmoja amebeba chuma. Saada alibeba tupa mbele ya macho ya askari, mara moja neno likimtoka angeuawa, na hakuwa na undugu wowote na Liyongo wala ahadi ya kuolewa na mwana wa mfalme. Mtoto alibeba sindano. Mmoja ni kijakazi, aliyehesabiwa ni mali ya nyumba. Mwingine ni damu. Aliyetunza amana ni kijakazi. Aliyehini ni damu. Watunzi wa zamani hawakusimama kutueleza jambo hili kwa kidole, wameliweka tu ndani ya hadithi na kuliacha.

Halafu yale mauti yenyewe. Liyongo alipochomwa aliinuka, akachukua uta wake, akaenda akapiga goti karibu na kisima, mshale umevutwa. Akafa vivyo hivyo. Watu wa mji walimwona kwa mbali wakadhani yu hai, na siku kadhaa hakuna aliyethubutu kwenda kuteka maji, hadi mamake alipokwenda kumbembeleza kwa maneno na mwisho mwili ukaanguka. Mji mzima ulikaa na kiu kwa ajili ya hiana iliyofanywa ndani ya nyumba moja. Na mwana? Masimulizi yanatofautiana juu ya mwisho wake, lakini yanakubaliana juu ya jambo moja: alichoahidiwa hakukifaidi. Waliomtuma kuhini wakamhini na yeye. Hapo neno limefanya kazi kwa maana zake zote mbili.

Basi tutoke Pate, tuende Madina kwenye mwezi kama huu, maana neno hili lina siku zake maalum ndani ya Ramadhan.

Vita vya Badr vilikuwa tarehe 17 Ramadhan, mwaka wa pili wa Hijra. Waislamu walikuwa mia tatu na kidogo, na Makureshi wapata elfu. Kila mtu alihitajika, hata mwenye fimbo. Na bado wako watu wawili ambao Mtume (S.A.W.) aliwarudisha: Hudhayfa bin al-Yaman na babake. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Makureshi waliwakamata njiani, wakawaambia nyinyi mnakwenda kwa Muhammad. Wakajibu kwamba wanakwenda Madina tu. Wakaachiwa kwa sharti la kuahidi kuwa hawatapigana pamoja na Mtume. Walipofika wakaeleza. Ukitazama kwa akili ya kivita, ahadi iliyochukuliwa kwa nguvu, na adui, tena adui mwenye nia ya kukuua, ina thamani gani? Mtume akawaambia waondoke. Ahadi ya Makureshi itatimizwa, na msaada ataombwa Mwenyezi Mungu. Hudhayfa hakuiona Badr, na sababu iliyomzuia ni hiyo tu.

Kabla ya hapo, usiku wa Hijra, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Makureshi wamekubaliana kumwua, kila ukoo umetoa kijana wake. Na nyumbani mwa huyo huyo wanayetaka kumwua zimo amana zao! Walimkanusha lakini mali zao walikuwa hawana pa kuziweka isipokuwa kwake. Wanahistoria wa Sira wanasema alimwacha Ali (R.A.) Makka ili arudishe amana kwa wenyewe, mmoja mmoja, ndipo afuate. Wale walikuwa hawana haki tena, tungesema sisi. Mali ya mtu anayekuja kukuua si halali kuizuia? Na kuna hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, kwamba tumrudishie amana aliyetuamini, na tusimfanyie khiyana hata yule aliyetufanyia khiyana.

Hadithi hii kuisoma ni rahisi. Sasa nikuonyeshe pale inapouma, na si mbali, ni hapa hapa Mombasa.

Ukienda Fort Jesus, Ngomeni kama tuiitavyo wenyewe, tazama juu ya mlango. Kuna jiwe la maandishi la Wareno la miaka ya 1630, linajisifu jinsi nahodha wao alivyoiadhibu miji ya pwani iliyoasi. Watalii hupiga picha wakapita. Nyuma ya jiwe lile kuna kisa cha baba na mwana, na ukikisikia huwezi kukisahau.

Watawala wa Malindi walikuwa marafiki wa Wareno tangu Vasco da Gama alipotia nanga kwao mwaka wa 1498. (Watu wa Mombasa wa wakati ule wangekwambia kwamba hiana ya kwanza ndiyo hiyo, lakini tuiache.) Wareno walipoitwaa Mombasa na kuanza kuijenga ngome mwaka wa 1593, walimleta huyo rafiki yao wa Malindi akawa sultani wa Mombasa. Mwanawe, Sultan Hassan bin Ahmad, alirithi kiti na akarithi urafiki. Lakini akakosana na nahodha wa ngome, akahofia kukamatwa, akakimbilia bara upande wa Rabai. Mwaka wa 1614 akauawa huko kwa kuchochewa na Wareno wenyewe, na kichwa chake kikapelekwa Goa, makao makuu yao ya Bara Hindi. Hayo ndiyo malipo ya urafiki wa zaidi ya miaka mia.

Alimwacha mtoto mdogo, Yusuf. Wareno wakamchukua hadi Goa, wakamlea kwa mapadri, wakambatiza, wakampa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Akakua, akatumikia kwenye meli zao, akarudishwa Mombasa katika miaka ya 1620 akiwa mfalme, kijana wao kwa malezi, mavazi na lugha. Kisha ikaanza kusemwa kwamba ameonekana usiku akiswali kwenye kaburi la babake. Nahodha mpya, Pedro Leitão de Gamboa, akapata habari na akawa na mpango wa kumkamata.

Yusuf hakungoja. Katikati ya Agosti 1631, wakati wa sikukuu yao ya Bi Mariamu, aliingia ngomeni na watu wake kama rafiki anayekuja kumwamkia nahodha. Akamchoma kisu. Nje mji ukawashwa moto. Katika siku zilizofuata waliuawa Wareno wanaume, wanawake na watoto, na pamoja nao wenyeji waliokuwa Wakristo, Waafrika wa hapa hapa, waliokataa kuiacha dini yao. Wareno walileta majeshi kutoka Goa mwaka uliofuata, wakashindwa kuiteka ngome. Lakini Yusuf naye aliivunjavunja, akapanda meli, akaondoka. Alimaliza umri wake baharini akiwawinda Wareno, akafa upande wa Bahari ya Shamu mwaka wa 1638. Mombasa hakurudi kuitawala tena, na Wareno walikaa hadi 1698.

Tulipokuwa vijana tulikipenda kisa hiki. Tulikisimulia kama kisasi safi: walimwua babake, wakamnyang'anya dini yake, naye akawalipa. Wareno wao waliandika kwamba Yusuf ni haini, ameasi mfalme wake na ubatizo wake. Sisi tukasema haini ni wao. Kila upande una neno lile lile mkononi na unamrushia mwenzake.

Mimi leo, na nywele zimeanza kuingia mvi, sioni tena kwamba ni rahisi hivyo. Khiyana ya Wareno kwa Sultan Hassan haina mjadala. Aliyekuwa chini ya dhima yao waliuza kichwa chake. Yusuf alikuwa na kila sababu ya kuvunja mkataba nao. Lakini Suratul-Anfal, aya ya 58, imeeleza namna ya kuuvunja: ukihofia khiyana kwa watu mliofungamana nao, watupie mkataba wao waziwazi, mwe sawasawa katika kujua, kwani Mwenyezi Mungu hawapendi makhaini. Waziwazi. Si kwa kuingia mlango wa rafiki na kisu ndani ya joho. Na wale watoto waliouawa walikuwa wamemhini nani? Najua wapo watakaoniandikia barua kwa maneno haya, na wataniuliza mtu mmoja angefanyaje mbele ya mizinga ya ngome. Ni swali la haki, na sina jibu lake la kivita. Nalinganisha tu na Hudhayfa, aliyerudishwa Badr kwa ahadi ya nguvu, na naona kwamba aliyedhulumiwa hajapewa ruhusa ya kuwa kama aliyemdhulumu.

Tupite haraka sasa kwenye neno uhaini la siku zetu, maana hili kila mtu analijua. Lilipata kazi mpya lilipoingia mahakamani. Sheria zetu za kikoloni na baadaye za uhuru zilihitaji neno la Kiswahili kwa kosa la kutaka kuiangusha dola, na likachukuliwa hili. Tanzania, Bibi Titi Mohamed, mama aliyezunguka nchi nzima kuwaunganisha wanawake kwa ajili ya uhuru, alishtakiwa kwa uhaini mwaka wa 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka wa 1971, akaachiliwa mwaka wa 1972. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Hapa Kenya, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, uhaini ulikuwa ni neno la redio asubuhi na jioni, na Hezekiah Ochuka wa Jeshi la Anga alinyongwa mwaka wa 1987 kwa kosa hilo. Mwaka wa 1983 likavuma jingine, msaliti, wakati wa mkasa wa Charles Njonjo, na tangu hapo wanasiasa hawajalipumzisha. Kila mtu ni msaliti wa mwenzake. Amehama chama, msaliti. Amekula chai na mpinzani, msaliti.

Angalia lililotendeka. Uhaini ukawa ni jambo la raia kwa dola, usaliti ukawa ni jambo la mfuasi kwa kiongozi. Kutoka chini kwenda juu tu. Lakini hiana ya wazee ilikuwa inakwenda pande zote: mfalme aliweza kumhini raia, baba kumhini mtoto, tajiri kumhini maskini. Mwenye kushika fedha za umma akazinyima zahanati dawa, kwa neno la kisasa huyo ni "fisadi", jina linalomfanya aonekane kama mtu mjanja tu aliyepindukia. Kwa neno la nyanya yangu ni haini, maana amana ilikuwa mkononi mwake na hakuifikisha.

Na hata ule uhaini wa vita, wa kumpa adui siri, tunao mfano wake, tena wa Ramadhan. Mwaka wa nane wa Hijra, Mtume akijiandaa kwa siri kwenda kuifungua Makka, sahaba mmoja, Hatib bin Abi Balta'a, aliwaandikia Makureshi barua kuwaarifu. Barua akapewa mwanamke, akaificha ndani ya nywele zake. Ali na wenzake wakatumwa wakamkuta njiani, ikatolewa. Katika riwaya ya Bukhari, Umar (R.A.) alilitumia neno hili hasa: mtu huyu amemkhini Mwenyezi Mungu na Mtume wake na waumini, niache nimkate shingo. Kwa sheria ya nchi yoyote ya leo, kesi imekwisha. Mtume akamwuliza Hatib: ni kitu gani kimekufanya utende hivi? Akasema ana jamaa zake Makka wasio na ukoo wa kuwalinda, na alitaka kuwafanyia Makureshi hisani ili wasiwaguse. Wala hakuacha dini. Mtume akasema amesema kweli. Akamkumbusha Umar kwamba huyu alikuwa Badr, na Hatib akaachiwa. Kosa halikuitwa dogo, aya za mwanzo wa Suratul-Mumtahina zilishuka kwa sababu yake. Lakini mkosaji aliulizwa kwanza.

Kuna upande mmoja zaidi ambao lazima niutaje, kwa sababu ndio unaotugusa sana sisi tunaopenda kusema "wetu ni wetu". Katika Suratun-Nisaa, kuanzia aya ya 105, Mtume anakatazwa kuwa mtetezi wa makhaini. Wafasiri wameeleza sababu yake: mtu wa ukoo wa Banu Ubayriq, katika Ansar, aliiba deraya, na mambo yalipobana lawama ikatupiwa Myahudi mmoja. Jamaa za mwizi wakaja kwa Mtume kumtetea ndugu yao. Walikuwa waaminifu sana kwa ukoo wao! Hawakumwacha mwenzao. Na aya zikashuka kumtakasa Myahudi na kumfichua Mwislamu. Huo "uaminifu" wao Qur'ani haikuuita uaminifu. Nilikumbuka aya hizi niliposikia kamati moja, sitaitaja, ikikubaliana kimya kimya kutomwuliza mweka hazina juu ya michango ya mayatima "kwa sababu ni mtu wetu na Ramadhan imekaribia, tusivunjiane heshima".

Sasa nirudi kwenye saumu yenyewe, kisha nikuache ukaandae futari. Aya inayoeleza usiku wa Ramadhan, ya 187 ya Suratul-Baqara, tumeisikia mara nyingi: ndiyo inayotupa ruhusa ya kula na kunywa hadi ubainike weupe wa alfajiri. Mwanzoni mwa kufaradhishwa saumu masharti yalikuwa mazito zaidi. Aliyelala baada ya kufungua, na akaamka usiku, hakuruhusiwa tena chakula wala mkewe. Wako walioshindwa wakanyamaza. Aya ikashuka kuwapunguzia, na imesema kwamba Mwenyezi Mungu alijua walikuwa wakizikhini nafsi zao. Neno lenyewe liko hapo, katikati ya aya ya kufunga, kutoka mzizi ule ule. Nimeisoma aya hii kwa miaka bila ya kuligundua, hadi siku mwalimu wetu wa darsa aliposimama juu yake. Anayekula mchana akajifanya amefunga hamnyimi jirani kitu. Kilichowekwa kwake amana ni saumu, na mwenye kuhiniwa ni yeye mwenyewe. Na Suratu Ghafir, aya ya 19, inataja hata khiyana ya macho, ule utazamaji wa kuibia ambao mtu huufanya akidhani hakuna ajuaye.

Kwa hiyo zile kaimati nne pale kwenye kona zilikuwa na hesabu kubwa kuliko nilivyodhani. Jirani nilimnyima, nyanya nilimvunjia amana, na saumu yangu, hata kama ilikuwa ya kitoto, niliihini mwenyewe. Nyanya hakuwahi kusoma kamusi wala tafsiri, chuo chake kilikuwa cha kuhitimu juzuu na kurudi jikoni, na neno moja lilimtosha kwa yote matatu.

Hakunipiga. Siku ya pili kabla ya Magharibi alikaanga nyingine, akazitia shira, akapanga kwenye sahani ile ile, akafunika kawa ile ile, akanipa mimi mimi nimpelekee jirani. Nilisimama pale mlangoni nikimngoja azihesabu. Hakuzihesabu. Alikuwa ameshageuka, anakoroga uji.